Somo: Kuzuia ukungu kwenye miwani ya kuogelea

Muogeleaji ambaye miwani yake imeingia ukungu hufanya jambo lile lile kila siku. Anasimama ukingoni, anaivua, anachomeka kidole gumba ndani ya kioo na kusugua. Kioo kinang'aa. Anaogelea mita 50, ukungu umerudi, anasugua tena. Baada ya wiki tatu anasema ameuziwa miwani feki. Mara nyingi si feki. Ndani ya kioo kulikuwa na dawa iliyopakwa kiwandani, nyembamba sana, na kidole chake kimeimaliza. Ukishika jambo moja tu katika somo hili, liwe hili: upande wa ndani wa kioo hausuguliwi, iwe kwa kidole, taulo au fulana.

Ukungu unatoka wapi

Ngozi inayozunguka macho ina joto la nyuzi 33 hivi na inatoa mvuke muda wote. Maji ya bwawa la mashindano huwa nyuzi 25 hadi 28. Kioo kwa nje kinaguswa na maji hayo, kinapoa, na mvuke uliofungiwa ndani ukikigusa unageuka maji, sawasawa na chupa ya soda inavyotoka jasho ikitolewa kwenye friji. Maji hayo hayatandazi. Yanajikunja kuwa vitone vidogo mno, na kila kitone kinatawanya mwanga, ndiyo maana unaona weupe.

Kwa hiyo tatizo si kioo kulowa, ni vitone. Maji yakitandaa yakawa utando mmoja laini, utaona vizuri tu ingawa kioo kimelowa. Dawa ya dukani, shampuu na mate vyote vinafanya kazi hiyo moja: kuvunja vitone vitandazike.

Ndiyo sababu pia maji ya baridi yanasumbua zaidi. Anayeogelea Nairobi au Arusha mwezi wa saba asubuhi, bwawa halina hita, atapata ukungu mapema kuliko anayeogelea baharini Dar es Salaam au Mombasa, ambako maji huwa kati ya nyuzi 25 na 30 hivi kwa mwaka mzima.

Kwanza pima

Miwani ikiwa kavu, isogeze mdomoni, upande wa ndani ukuelekee, kisha utoe pumzi ya moto, "haaa", kama anayetaka kufuta kioo cha simu. Angalia haraka, maana majibu yanapotea ndani ya sekunde chache. Kioo kikibaki angavu au kikaonyesha unyevu laini, dawa ya kiwandani bado ipo; usipake chochote. Kikiwa cheupe chote, dawa imekwisha. Kikiwa cheupe kwa mabaka, pengine kwa umbo la kidole kabisa, una mafuta kwenye kioo au sehemu iliyosuguliwa. Watu wengi wanaruka kipimo hiki na kuanza kupaka shampuu kwenye miwani mpya isiyohitaji.

Miwani mpya

Isuuze kwa maji safi ya kawaida, ikung'ute, vaa. Basi. Kabla ya kuivaa nawa uso kwa maji ya bwawa, mara mbili tatu, hasa kope na chini ya macho. Unapoza ngozi na kuondoa jasho kwa mkupuo mmoja, na hatua hii ya bure inasaidia kuliko dawa nyingi za kununua. Chovya na miwani yenyewe kwenye maji hayo, ikung'ute mara moja, ivae papo hapo. Ukiivaa kavu huku uso una joto la jua, ukungu utakupata kabla hujafika upande wa pili.

Miwani ambayo dawa yake imekwisha

Hapa ndipo shampuu ya watoto inapoingia, ile isiyowasha macho. Changanya kijiko kimoja cha chai cha shampuu na vijiko tisa vya maji, tia kwenye kichupa kidogo cha kupulizia. Inatosha wiki kadhaa. Ikianza kunuka au kuwa na mawingu, imwage utengeneze nyingine.

Hatua ya kwanza, osha mikono kwa sabuni. Mikono yenye mafuta inaharibu kazi yote.

Hatua ya pili, suuza miwani kwa maji safi kuondoa vumbi na chumvi, uikung'ute.

Hatua ya tatu, pulizia mara moja ndani ya kila kioo, au dondosha tone moja. Zungusha miwani mkononi mpaka maji hayo yapite kila sehemu, pembeni kwenye raba pia. Acha sekunde 30. Usisugue. Ikibidi kabisa kusambaza, tumia ncha ya kidole kilicholowa na uguse kama unagusa jicho la mtoto.

Hatua ya nne ndiyo inayokosewa: kusuuza. Chovya miwani majini mara moja, itoe, ikung'ute. Mara moja tu. Ukiiweka chini ya bomba linalotiririka, shampuu yote imeondoka na umefanya kazi bure. Usiposuuza kabisa, povu litaingia machoni na utaona kama uko ndani ya glasi ya maziwa. Kioo kilichofanywa vizuri, ukikielekeza kwenye mwanga, kina maji yaliyolala kama karatasi moja, bila vitone vinavyoviringika.

Kisha nawa uso na uvae. Kila ukiivua na maji kuingia, sehemu ya shampuu inaondoka, kwa hiyo kwenye zoezi la saa moja jitahidi usiivue hovyo.

Baada ya kuogelea

Isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Klorini inakula raba na dawa ya kioo, na chumvi ya bahari ikikauka inabaki punje zinazokwaruza. Kung'uta, ining'inize kivulini, ikikauka iweke kwenye mfuko wake laini, peke yake. Begi lenye funguo na kitana ndilo chanzo cha mikwaruzo mingi. Usiiache ndani ya gari juani, na usiioshe kwa maji ya moto, spiriti, kitakasa mikono wala kiondoa rangi ya kucha. Kioo cha miwani hizi kwa kawaida ni plastiki ngumu ya polikaboneti, na dawa hizo zinaiharibu pamoja na kilichopakwa juu yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Arusha: Mwalimu, kwa nini ukungu unanijia nikipumzika ukingoni, wakati nikiogelea sioni shida?

Jibu: Ukisimama mwili bado una moto, mvuke unaongezeka, na hapo ndipo wengi huipandisha miwani kwenye paji la uso. Paji ndilo linalotoa jasho kuliko sehemu zote za uso. Joto lake na mafuta yake vinaingia moja kwa moja kwenye kioo. Iache machoni. Ikikulazimu kuivua, ishushe shingoni, na kabla ya kuirudisha chovya uso na miwani majini.

Swali, Nungwi: Sisi tunapeleka wageni kuona samaki, tuna maski kubwa zinazofunika pua. Jamaa mmoja ananiambia nisugue kwa dawa ya meno. Ni sahihi?

Jibu: Inategemea kioo, kaka. Maski nyingi za kupiga mbizi zina kioo halisi kilichoimarishwa, na zikiwa mpya huwa na utando wa silikoni uliobaki kutoka kiwandani. Shampuu haishiki juu ya utando huo. Hapo dawa ya meno nyeupe ya kawaida, si ya jeli, inafaa: kiasi cha punje ya harage kwa kila kioo, sugua ndani kwa kidole kwa dakika mbili, suuza, rudia mara mbili au tatu. Ukimaliza, unaendelea na shampuu kila safari. Lakini kama kioo ni cha plastiki, au ni miwani ndogo ya kuogelea, au maski imeandikwa kwamba ina dawa ya ukungu, usiguse dawa ya meno kabisa. Ina chembe za kusugulia na itaacha kioo kimefifia milele. Na waelezeni wageni wasitoe pumzi kwa pua ndani ya maski. Maski safi kabisa itajaa ukungu kwa sababu hiyo tu.

Swali, Dar es Salaam: Mwanangu ana miaka saba, nilimpakia shampuu akalia macho yanamuwasha. Niache?

Jibu: Pole, dada. Ama ilikuwa nyingi, ama hukuichanganya na maji, ama ni shampuu ya wakubwa. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo nayo inazuia ukungu, lakini inawasha sana, usimwekee mtoto. Akiwashwa, vua miwani, mnawishe macho kwa maji safi mengi. Kwa mtoto nashauri uanze na uso baridi na miwani iliyochovywa, bila dawa. Watoto huogelea vipande vifupi, mara nyingi inatosha.

Swali, Mombasa: Mate je? Wazee wa pwani wanatema tu na kuingia majini.

Jibu: Yanafanya kazi kweli, kwa sababu yana ute unaosaidia maji kutandaa. Tema kidogo kwenye kioo kikavu, zungusha yafike kote, chovya mara moja, vaa. Hayadumu kama shampuu, lakini yapo muda wote. Sharti ni moja: mate yako kwenye miwani yako. Miwani ya kuazimana, yenye mate au isiyo na mate, ni njia nyepesi ya kuambukizana macho mekundu. Tuliona Januari 2024 jinsi ugonjwa ule ulivyosambaa kwa kasi Dar es Salaam na huko kwenu pwani.

Swali, Tanga: Nafuata hatua zote ila napata mabaka meupe pembeni, upande wa pua na chini.

Jibu: Unapaka nini usoni? Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando na losheni ya kukinga jua vyote vinapanda kwenye kioo kupitia raba. Maji yakikutana na mafuta yanajikunja kuwa vitone. Acha kupaka ukanda wa upana wa vidole viwili kuzunguka macho, na losheni ya sehemu nyingine ipakwe dakika 15 hadi 20 kabla ya kuvaa miwani, kisha uoshe mikono. Miwani ya sasa ioshe kwa mchanganyiko wa shampuu, safari hii suuza mpaka mwisho ili mafuta yatoke, ndipo upake upya.

Swali, Nairobi: Nimekaza mkanda mpaka naachwa na alama, bado ukungu.

Jibu: Kukaza hakuzuii ukungu hata kidogo, kunazuia maji kuingia, tena si sana. Ibandike machoni bila mkanda, bonyeza kidogo, achia. Ikishika sekunde mbili tatu, inakutosha, na mkanda ulegee mpaka uweze kupitisha kidole. Ikidondoka papo hapo, umbo lake si la uso wako.

Swali, Dodoma: Kioo changu ni cheupe hata kikiwa kikavu. Bwawa letu ni la maji ya kisima.

Jibu: Huo si ukungu, ni chumvi ya maji ya kisima iliyoganda. Loweka miwani kwenye siki sehemu moja na maji sehemu tatu kwa dakika tano, suuza sana. Siki inaweza kuondoa dawa ya kiwandani, kwa hiyo fanya hivi kwa miwani ya zamani tu, kisha uhamie kwenye shampuu. Weupe usipotoka, inamishe kioo pembeni mwa taa uangalie. Ukiona mistari myembamba imepishana, hiyo ni mikwaruzo, na hakuna dawa ya kuirudisha.