Kabla ya kusaini mkataba na kampuni ya Ujerumani

Anza na Handelsregister, rejista ya biashara. Tangu Agosti 2022 kuisoma mtandaoni ni bure, nayo huonyesha nani ana mamlaka ya kusaini. Ikitaka wakurugenzi wawili kwa pamoja, sahihi ya mmoja haitoshi. Tazama pia herufi zilizo kando ya sahihi: “ppa.” ni mwenye mamlaka mapana yaliyosajiliwa, lakini “i. A.” kwa kawaida ni mfanyakazi anayeandika kwa niaba ya mwingine. Usianze kutengeneza mzigo kwa barua ya namna hiyo.

Ankara ndiyo hukwamisha malipo. Iwe na majina kamili na anwani za pande zote mbili, namba ya kodi, tarehe, namba ya mfuatano, aina na kiasi cha bidhaa, siku ya kukabidhi, bei kabla ya kodi na kiwango cha kodi. Jina la kampuni likiandikwa vibaya, ankara inaweza kurudishwa, maana mnunuzi huhatarisha marejesho yake ya kodi.

Ukinunua kwao chini ya sheria ya Kijerumani, kagua mzigo ukifika na uripoti kasoro papo hapo, kwa maandishi. Ukichelewa, kifungu cha 377 cha HGB, sheria ya biashara ya Ujerumani, huhesabu kwamba umeukubali.