Rozela ya baridi haihitaji jiko

Joto la Mtwara likishika, wengi tunachemsha rozela mpaka inakuwa kali, halafu tunaizamisha kwenye sukari. Jaribu kuiloweka tu. Osha maua makavu, nusu kikombe kwa lita moja ya maji ya kunywa, tupia kipande cha tangawizi, funika, weka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi chuja (kanga iwe mbali, doa lake halitoki kirahisi). Tumia jagi la kioo, si sufuria ya alumini, maana rozela ina asidi. Mimi badala ya sukari naongeza maji ya dafu.

Inasaidia kushusha presha kidogo, kwa hiyo anayemeza dawa za presha amuulize daktari kwanza. Mjamzito aiache.