Namna ya kumpima anayewaendeshea mkutano wa chama

Hapa Mombasa mtu akiwa na sauti ya kujaza ukumbi na anajua kuchekesha, basi ashapewa mkutano auendeshe. Na mie nilikuwa naona hivo hivo mpaka chama chetu huku Kisauni, yaani kikundi chetu cha kuchanga pesa, kikakaa miezi mitatu kwa jambo moja tu, kununua viti na maturubai ya kukodisha, kila Jumapili tunacheka weee tunatoka tumefurahi, ikifika Jumapili ya pili tunaanza upya manake hakuna anayekumbuka tuliamua nini.

Kwa hivo ukitaka kumpima, sauti yake iweke kando. Anza kabla ya mkutano: ajenda ameituma kwa grupu mapema ama mnaijulia pale pale? Ameweka mambo matatu ama kumi na moja? Kama mnaanza saa kumi na ajenda ni ndefu hivo, magharibi itaadhiniwa mko kwa jambo la nne na watu wa Likoni washaanza kuwaza feri. Halafu angalia kama anahesabu watu. Sheria ya Kenya ya usajili wa vikundi ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10 na kiwe na katiba, sasa hiyo katiba yenu ndo itawaambia akidi, yaani idadi ya watu inayotosha kuamua jambo, ni wangapi, na mwendeshaji anayepitisha mambo ya pesa mkiwa watu sita anawatafutia ugomvi tu.

Sasa kwenye mkutano wenyewe chukua daftari, chora viti vile watu walivyokaa, kila mtu akisema piga kijistari kwenye kiti chake. Basi. Siku niliyofanya hivo mwendeshaji wetu alikuwa na vistari 31, mzee mmoja 14, na kina dada watano waliokaa karibu na mlango wote pamoja walikuwa na kimoja, na hicho ni cha kuuliza mahamri yako wapi 😂. Hao watano ndo wanaolipa mchango bila kukumbushwa, wallahi.

Hapo ndo utazame mwendeshaji anafanya nini. Akisema "kuna swali? hakuna, tuendelee" kwa pumzi moja, huyo hajauliza kitu. Anayejua kazi huuliza akanyamaza, hata ukihesabu kumi kimoyomoyo, halafu anamgeukia mtu: "dada, wewe ndo uliyekodisha maturubai juzi, bei ilikuwaje?" Na mzee akirefusha hamkatizi vibaya, hapa kwetu ukimkatiza mzee hovyo mkutano ushakufa, atamwambia "mzee wangu, hilo nshaliandika, tumalize la faini kwanza kisha tunarudi kwako", na kweli anarudi. Asiporudi mtoe maksi.

Jengine, maoni yake anayatoa lini? Akitangulia kusema anachotaka yeye, wengine watafuata tu kwa haya.

Mkimaliza, waulize watu watatu mbalimbali, mmoja kwenye matatu, mmoja njiani, mmoja umpigie: tumeamua nini, nani anafanya, lini? Ukipata majibu matatu tofauti hapakuwa na mkutano, palikuwa na baraza la kahawa.

Usimhukumu kwa siku moja lakini. Mtazame mara tatu hivi, na moja iwe siku ya pesa kutotimia manake siku ya raha kila mtu ni fundi. Daftari pia msiachie mtu mmoja, na anayeandika asiwe shemeji wa mwendeshaji wala anayemdai.

Na matokeo msimwage kwa grupu tafadhali. Sisi wetu tulimwita pembeni tukampa ile karatasi ya viti bila maneno mengi, akaitazama, akacheka kidogo, akauliza "hivi vistari vyote vyangu?" Jumapili iliyofuata alikuja na kiti chake akakiweka pale mlangoni.