Mfarishi wa viraka wa zamani: usome kabla ya kuufua

Mfarishi wa viraka, yaani blanketi la vipande vya nguo lililotiwa pamba kati, ulioachwa na bibi, Marekani au Uingereza, kwa kawaida hufuliwa kwanza na kuulizwa maswali baadaye. Wino, karatasi zilizobaki ndani na rangi zenyewe huondoka na maji, na ndizo zinazoeleza ulikotoka. Sabuni ikae pembeni.

Utandaze juu ya shuka jeupe. Vua pete na bangili. Piga picha za uso mzima, mgongo, pembe zote nne na kila penye maandishi au tundu, rula ikiwa pembeni. Kisha eleza kila sehemu peke yake: viraka vya juu, pamba ya kati, kitambaa cha nyuma (mara nyingi merikani tupu), pindo na uzi. Kuzitenga kuna sababu. Viraka vilivyounganishwa miaka ya 1880 vingeweza kulala sandukuni hadi mjukuu alipovitia pamba. Kazi haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kitu kipya zaidi kilichomo, hata familia iape vipi. Kinachotolewa katika hesabu ni kiraka cha matengenezo, na hicho hujulikana kwa kukaa juu ya mishono ya awali.

Isaac Singer, mtengenezaji wa Marekani, alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya cherehani yake mwaka 1851, na cherehani zilienea majumbani baada ya hapo. Pindo lililoshonwa kwa cherehani kwa kawaida haliendi nyuma zaidi ya hapo. Mstari wa vitundu vikubwa ukingoni mwa kitambaa cha maua huwa ni alama ya mshono wa gunia la unga au la chakula cha kuku, yaliyopendwa sana kuanzia miaka ya 1920 hadi 1950. Chomoa uzi mmoja uliolegea ndani na uuchome mbali na mfarishi: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini, sufu na hariri hunuka nywele, poliesta huyeyuka ikawa shanga ngumu. Vidoa vyeusi ndani ya pamba (vipande vya mbegu) visikudanganye kwamba kazi ni ya kabla ya mashine ya kutenga mbegu za pamba ya 1793. Pamba ya miaka mingi baadaye nayo ina takataka hizo.

Mifarishi ya Kiingereza iliyoshonwa kwa vigezo vya karatasi (karatasi zilizokatwa kwa umbo la kiraka) mara nyingine bado ina barua na magazeti ndani. Yasome kwa tochi kupitia mshono uliofumuka; usiyavute.

Upande wa familia, rekodi wazee wakisimulia, na andika nani kasema nini na alikijuaje. Simulizi ya Harriet Powers wa Georgia, aliyezaliwa utumwani mwaka 1837, ipo leo kwa sababu Jennie Smith, aliyenunua mfarishi wake wa Biblia kwa dola 5 mwaka 1891, aliandika maelezo yake ya kila picha. Majina yaliyotariziwa yalinganishe na sensa. Ya Marekani hutaja kila mtu huru kuanzia 1850, na waliokuwa watumwa wengi wao kuanzia 1870. Ya 1890 karibu yote imepotea. Ukiambiwa viraka vilikuwa ramani ya siri ya watumwa waliotoroka, iandike kama simulizi tu. Wanahistoria hawajaupata ushahidi wake.

Sasa usafi. Funika kwa wavu wa nailoni na ufyonze vumbi kwa nguvu ndogo kabisa. Kwa mifarishi mingi hiyo inatosha. Usiloweshe wenye hariri, sufu, wino au karatasi, wala wenye viraka vya kahawia na vyeusi vinavyomomonyoka. Hivyo vilitiwa rangi kwa chuma, na chuma hula nyuzi. Dawa hakuna, vifunike kwa tule (kitambaa cha wavu) nyembamba iliyoshonwa pembeni mwake. Hariri iliyochanika kama majani makavu ilitiwa chumvi za madini kiwandani ili iwe nzito, nayo haiponi.

Ukiwa ni pamba tupu na imara, dondoshea kila rangi tone la maji yaliyochujwa, kandamiza kitambaa cheupe kwa dakika chache, kisha rudia kwa maji yenye sabuni. Rangi moja ikitoka, acha. Nyekundu ndizo sumbufu zaidi. Zikishika zote, ufue bafuni kwa maji ya baridi na sabuni laini, mfarishi ukiwa juu ya shuka, na uutoe kwa kubeba shuka hilo. Ukiushika pindo ukiwa umelowa, uzito wa maji hukata mishono. Uanike kivulini, umelala.

Jina na tarehe viandikwe kwenye utepe wa pamba kwa kalamu ya wino wa kudumu, ukauke, ndipo ushonwe kwenye kitambaa cha nyuma pekee. Pini huota kutu, na gundi huacha doa.

Hifadhi ndani ya foronya ya pamba, si mfuko wa plastiki, na mfarishi usiguse mbao tupu, kwani tindikali yake huacha mistari ya kahawia. Weka misokoto ya karatasi isiyo na tindikali kwenye mikunjo, na kila baada ya miezi michache ukunje upya kwa mistari mingine.