Koili "imekufa"? Mwambie fundi azibadilishe nafasi kwanza
Taa ya injini imewaka, na fundi anasema koili zote nne (vifaa vinavyozipa plagi umeme wa kuwasha mafuta) zimekufa. Usitoe hela bado. Muulize mashine ya kupimia imesoma kodi gani (namba ya hitilafu), uiandike. Kodi ni dalili tu, haikuambii kifaa gani kibovu. P0302, kwa mfano, inasema silinda ya 2 haichomi vizuri. Chanzo kinaweza kuwa koili, plagi, nozeli ya mafuta, hata kompresheni ndogo (mgandamizo ndani ya silinda).

Basi mwombe azime injini, achomoe koili ya silinda ya 2 aiweke kwenye ya 1, na ya 1 iende kwenye ya 2. Afute kodi, mzunguke na gari kidogo, apime tena. Ikija P0301, yaani ya silinda ya 1, tatizo limehama na koili: nunua hiyo moja tu. Ikirudi P0302, koili haina kosa, aangalie plagi. Koili zikiwa zimekaa juu ya injini ni kazi ya dakika chache (zilizojificha chini ya manifoldi, yaani mabomba ya hewa ya injini, ni shughuli nyingine kabisa). Fundi anayejua kazi hanuni ukimwomba hivyo. Na spea ya zamani idai, hata kama imeungua.