Jinsi ya kupima maji ya rangi za batiki kwa mizizi ya vitunguu

Maji yanayobaki kwenye beseni la batiki yana rangi, yana kostiki (soda kali, hidroksidi ya sodiamu), yana haidro (sodiamu haidrosalfaiti, inayoyeyusha rangi), na kila kimoja kinaweza kudhuru kivyake. Wengi huyapima yalivyo, wakaona mizizi imeungua, wakaandika kwamba rangi ni sumu. Huenda ni kostiki tu. Kazi kubwa hapa ni kutenganisha hayo.

Kitunguu maji kinafaa kwa sababu seli zake zina kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) 16 tu, nene, zinazoonekana kwa hadubini ya kawaida yenye ukuzaji wa mara 400.

1. Chukua sampuli. Lita moja ya maji ya beseni kabla hayajamwagwa, na lita moja ya maji ya suuza ya kwanza. Pima pH (kiwango cha asidi au alkali) papo hapo. Andika jina la rangi na namba yake ikiwa ipo. Rangi zinazouzwa kwa kijiko kwenye vifuko vya nailoni mara nyingi hazina namba, na hapo majibu yako yanahusu kifuko hicho tu, si rangi zote za jina lile.

2. Andaa maji ya kulinganishia. Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Unahitaji:

- maji safi yasiyo na klorini;
- kostiki na haidro kwa vipimo vya fundi mwenyewe, bila rangi;
- sampuli ilivyo;
- sampuli iliyotulizwa.

Kutuliza ni kupuliza hewa usiku kucha kwa pampu ya tangi la samaki ili haidro iishe nguvu, kisha kushusha pH hadi 7 kwa asidi ya haidrokloriki. Usianze na asidi: haidro ikikutana nayo hutoa gesi ya salfa inayokaba koo. Fanyia kazi nje. Nusu ya mchanganyiko usio na rangi nayo ipitie njia hiyo hiyo, kwa kuwa kostiki ikitulizwa na asidi huacha chumvi, na chumvi nayo hudumaza mizizi.

Rangi nyingi za batiki ni za aina ya vati: zikipata hewa huganda na kutuama chini. Tikisa chupa kila unapomimina. Ukichuja, umetupa kile ulichotaka kupima.

Zimua kila sampuli: asilimia 100, 50, 25, 12.5 na 6.25.

3. Otesha. Chagua vitunguu vidogo vinavyolingana, visivyochipua. Menya maganda makavu, kwangua kitako bila kugusa duara la mizizi. Weka 12 kwa kila kiwango, vitako vikigusa maji, mahali penye giza. Badilisha maji kila siku. Baada ya siku ya pili toa viwili vilivyodorora zaidi.

4. Kata ncha za mizizi saa ya 48. Ziloweke saa 24 katika mchanganyiko wa ethanoli sehemu 3 na asidi ya asetiki kali sehemu 1. Zioshe, ziweke kwenye asidi ya haidrokloriki ya normali 1 yenye joto la nyuzi 60 kwa dakika 5, tia asetokamini (rangi inayoonyesha kromosomu), kisha ponda ncha taratibu chini ya kioo kidogo. Mizizi iliyobaki ipime urefu saa ya 96.

5. Hesabu. Seli 1,000 kwa kila kitunguu. Kwanza ni ngapi zinagawanyika: idadi ikishuka chini ya nusu ya ile ya maji safi, hali ni mbaya. Kisha tafuta madaraja kati ya kromosomu, vipande vilivyoachwa nyuma, na viini vidogo kando ya kiini kikuu. Mizizi mifupi yenye kromosomu nzima inaonyesha sumu ya kawaida. Madaraja na viini vidogo ndivyo vinavyoonyesha kwamba urithi wenyewe umeharibiwa. Anayehesabu asijue slaidi ni ya sampuli ipi.

Sampuli iliyotulizwa ikilingana na ile isiyo na rangi iliyotulizwa, mkosaji wako si rangi bali kostiki au haidro, na ushauri kwa fundi ni kutuliza maji kabla ya kumwaga.

Kwa rangi za azo (zenye kifungo cha atomi mbili za nitrojeni) kitunguu hakitoshi. Baadhi yake zikivunjwa na bakteria hutoa amini kama benzidini, inayosababisha saratani kwa binadamu, na maji yanaweza kupauka huku yakizidi ubaya. Peleka sampuli hizo kwenye maabara inayofanya jaribio la Ames (linalotumia bakteria kuona kama kemikali inabadili urithi), na uombe toleo la Prival, linalovunja kwanza kifungo cha azo.