Umerudi kutoka mkesha wa dawa: uliyoyaona uyafanyie kazi vipi

Somo hili la kikundi chetu ni la mtu aliyekwisha kunywa au kula dawa za asili zinazoleta maono: kinywaji cha ayawaska kule Peru, mzizi wa iboga kwa waumini wa dini ya Bwiti nchini Gabon, au vinundu vya uyoga wa maono Uholanzi, ambako uyoga wenyewe ulipigwa marufuku mwaka 2008 lakini vinundu vyake vya chini ya ardhi vinauzwa bado. Halimhimizi mtu kwenda. Linaanzia pale unaposhuka stesheni ya Dodoma na begi lako, kichwa kimejaa, na Jumatatu unatakiwa kazini.

Siku 3 za kwanza

Lala. Pombe weka kando, na bangi zaidi, maana inaweza kuzirudisha zile picha ukiwa sokoni Majengo au juu ya bodaboda. Kula ulichozoea: uji, ugali wa uwele na mlenda.

Nunua kaunta buku. Gawa ukurasa safu 3: nilichoona, mwili ulivyohisi, ninavyodhani ni nini. Safu ya tatu usiiguse mpaka siku ya nne. Mfano:

Nilichoona: bibi kwenye kigoda, anapepeta uwele, hanitazami.
Mwili: kifua kizito, mikono ya baridi, machozi.
Ninavyodhani: (wazi)

Tunasisitiza hili kwa sababu ukimsimulia kila anayekuja kukusalimu, kila mara unaongeza kidogo ili kisa kieleweke. Baada ya wiki unakumbuka kisa, si ulichoona.

Picha si ushahidi

Hapa ndipo watu wanapoumizana. Dawa hizi huleta picha pamoja na uhakika mkubwa kwamba picha ni kweli, na uhakika huo nao ni sehemu ya dawa. Ukimwona shangazi na kitu cheusi mkononi, umeona hofu yako. Hujamwona shangazi akifanya lolote. Katika nchi ambayo bibi vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni, neno moja la "nilionyeshwa" linaweza kumtoa mtu uhai. Usilitamke. Ni hivyo hivyo kwa picha ya kudhulumiwa utotoni: inaweza kuwa kweli, inaweza isiwe. Ipeleke kwa mshauri nasaha, msiijadili kwenye kikao cha ukoo.

Kwa hiyo pia, siku 30 zipite bila talaka, bila kuacha kazi, bila kuuza kiwanja.

Chagua jambo moja

Mkulima wa zabibu wa Hombolo hupogoa. Mzabibu ukiachiwa matawi yote, utajaa majani na vichala vitakuwa hafifu. Kwenye daftari utakuta mambo kumi. Bakiza moja, uligeuze kuwa tendo lenye siku, saa na muda. "Nimpende baba" halifanyiki. "Jumapili saa 10 jioni nampigia baba, dakika 10, namuuliza habari za mifugo" linafanyika. Lijaribu wiki 2 na uweke alama kila mara. Ukikosa mara 2 mfululizo, tendo ni kubwa mno: lipunguze nusu, usijilaumu.

Kipimo chetu ni mtu wa nyumbani. Asipoona tofauti yoyote baada ya mwezi, rudi kwenye tendo. Usitafute mkesha mwingine.

Dalili za kwenda hospitali leo leo

Usiku 2 bila usingizi na huchoki, sauti zinazokuamuru, kuamini umeteuliwa kuokoa watu, kutaka kufa. Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, iko hapa hapa mjini. Mtajie daktari jina la ulichokunywa na siku uliyokunywa, bila kuficha, kwa sababu matibabu yanategemea hilo.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Nkuhungu: Shikamooni. Wiki ya tatu sasa, ule mwanga umezimika, naona maisha ni vumbi tu. Nimekosea wapi?*

Marahaba. Hujakosea, huwatokea wengi. Shika lile tendo moja, tembea nusu saa asubuhi kabla upepo haujaanza. Huzuni ikizidi wiki 2, au ikikuzuia kula, muone daktari.

*Mwanachama wa Kisasa: Mke wangu ni mtu wa kanisa sana. Nimwambie?*

Kaka, anza na linalomhusu yeye. "Nimekuwa nikikukaripia mbele ya watoto, nisamehe" lisemwe kwanza, na wiki chache za kutokaripia zifuate. Akiuliza ulikokuwa, usimdanganye. Maono yako asimuliwe akiomba mwenyewe.

*Mwanachama wa Kondoa: Natumia fluoksetini, dawa ya sonona. Nataka kuiacha ili nirudie ayawaska.*

Dada, usiiache bila daktari wako. Ayawaska ni hatari hapa: mti wa kutambaa unaochemshwa ndani yake huzuia kimeng'enya kinachovunja serotonini, kemikali ya ubongo, na fluoksetini huipandisha. Vikikutana, joto, mtetemeko na degedege vinaweza kuua. Fluoksetini hukaa mwilini kama wiki 5 baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo kuacha siku chache kabla hakukulindi.

*Mwanachama wa Bahi: Uyoga ukiota masika, si tujaribu wenyewe huku huku?*

Hapana, mdogo wetu. Kwanza psilosibini, kemikali ya uyoga inayoleta maono, hapa ni dawa ya kulevya kisheria. Pili, kuna uyoga wa mwituni unaoharibu ini, na kutapika huanza saa 6 hadi 24 baada ya kula, sumu ikiwa imeshaingia. Aliyekwisha kula akimbizwe hospitali sasa hivi hata kama hajisikii vibaya, na mabaki ya uyoga yabebwe kwenye karatasi.